Barafu ya Rabenja

Asubuhi hiyo, kama asubuhi nyingine zote za kipupwe kile, Raketaka aliwasha moto, akainjika sufuria ya wali, kisha akarudi kitandani na kisu kukwangua barafu upande wa mume wake.

Haikuwa nene sana. Ilikuwa na unene wa kidole, imefuata umbo la Rabenja kuanzia mabega hadi visigino, na kwenye mto ilikuwa imeacha kishimo cha kisogo. Raketaka aliivunja vipande, akavitia ndani ya beseni, akautoa mkeka nje kuuanika. Jua lilipopanda kidogo majirani walikuja na mabakuli. Mwenye mtoto mwenye homa alipewa kwanza, halafu wenye meno mabovu, halafu waliokuja kwa uroho tu. Walilalamikia jambo moja, kwamba barafu ile ilinuka ugoro. Raketaka aliwajibu kwamba asiyependa harufu ya mume wake akaombe barafu kwa mume wa mtu mwingine.

Kijijini Ambohitsoa hakuna aliyeuliza barafu inatoka wapi. Rabenja alikuwa anaona baridi, basi. Wafu wa nyanda zile za juu wakiona baridi huwajia jamaa zao ndotoni na kuomba nguo mpya, na ukoo ukishavuna mpunga hufungua kaburi la mawe, huwatoa nje, huwavika sanda mpya za hariri, huwabeba mabegani na kucheza nao ngoma, huwapa habari za nyumbani, kisha huwarudisha kwenye vitanda vyao vya mawe. Wenyewe huita kugeuza. Rabenja hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakuja ndotoni kusema kitu. Alileta baridi yenyewe, mke wake ajionee.

Tatizo ni kwamba Rabenja hakuwa kaburini. Alikuwa chini ya reli. Wafaransa walipojenga njia ya treni ya kushuka pwani, walizunguka vijijini kuchagua vijana wenye afya kwa kazi ya shokoa, ya lazima bila malipo, na Rabenja, kwa bahati mbaya, alikuwa na afya nzuri. Vololona binti yao alikuwa bado mgongoni. Huko msituni mvua ilinyesha, kilima kikateremka juu ya watu, na msimamizi, ambaye alikuwa na haraka kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anakuja kuiona treni ya kwanza, akaamuru udongo zaidi umwagwe juu na mataruma yatandikwe. Waliobaki hai waliambiwa kwamba wenzao wametoroka. Mmoja wao ndiye aliyekuja kumwambia Raketaka mahali penyewe, tuta lililo kabla tu ya stesheni yenye tangi la maji.

Ralambo, kaka yake Rabenja na mkubwa wa ukoo, alifika beseni likiwa limebaki nusu. Alichukua kipande, akakinusa, akakitia mdomoni.

"Ni yeye," alisema. "Ugoro wake ule ule wa bei rahisi."

"Karibu maji ya ukoko, shemeji."

Ralambo alikaa, akapewa kikombe cha maji yaliyochemshiwa kwenye ukoko wa sufuria, akayapuliza muda mrefu. Raketaka alimjua. Akipuliza hivyo ana neno zito.

"Mnajimu ametaja siku," alisema mwishowe. "Alhamisi, mwezi ukiandama. Tunafungua kaburi. Sasa kile kitanda cha watu wawili, pale ubavuni kwa mama, ndicho cha mdogo wangu na wewe. Ukoo unanisumbua, shemeji. Watu wanabanana kwenye vitanda vingine, na kile kimekaa kitupu miaka yote hii. Rabenja asipoingia safari hii, kinapewa watu wengine."

"Na mimi je?"

"Wewe unarudi kwa baba yako. Ndivyo ilivyo. Mke hakai kwenye kaburi la ukweni peke yake."

"Kwa baba yangu nitalazwa na dada Ravao."

Ralambo alikipuliza tena kikombe chake. Kila mtu alimkumbuka Ravao, aliyekata roho katikati ya hadithi ya mbuzi wa jirani, na iliaminika kwamba anangoja tu apate mtu wa kummalizia.

"Shemeji," alisema Raketaka, "mimi na Rabenja tulilala pamoja mvua tatu. Halafu wakaja kumchukua. Nimekaa na kitanda kipana hiki mpaka mtoto wangu ana mimba. Sidai kitu kingine duniani. Nataka nikifa nilale na mume wangu, anigeukie, nimgeukie, tugombanie nguo. Sanda nimeshasuka. Twende tukamchukue."

"Twende," alisema Ralambo, na alisema kwa moyo mmoja, maana naye alimpenda mdogo wake.

Walipanda treni, daraja la tatu, Raketaka na Vololona, Ralambo, jamaa wachache, mpiga filimbi na mpiga ngoma. Sanda ilikunjwa ndani ya mkeka. Raketaka aliisuka kwa hariri ya mwituni, ile ya rangi ya udongo, ambayo vifukofuko vyake huchemshwa na majivu mpaka nyumba nzima inuke. Kadiri treni ilivyoshuka msituni joto lilizidi, na abiria wakawa wanavua mashuka yao ya mabegani. Kisha, kwenye kona moja, baridi ikaingia ndani ya behewa. Abiria wote wakajifunika tena bila kukatiza mazungumzo. Behewa likainuka kidogo, taratibu, likashuka.

"Ndipo pake hapo," alisema mama mmoja aliyekaa na mkungu wa ndizi.

"Pa nani?" aliuliza Raketaka.

"Sijui ni pa nani, mwanangu. Mimi nalishika shuka langu karibu tu nikifika hapa."

Mkuu wa stesheni alikuwa Mfaransa aitwaye Delmas, mtu mpole, mnene kiasi, aliyepanda mawaridi kuzunguka tangi la maji na kuyaonea fahari. Aliwakaribisha kwenye baraza, akawapa viti wanaume, na Raketaka akaketi kwenye mkeka wake. Mbele ya Delmas palikuwa na gilasi ya kileo chake cha kabla ya chakula, na ndani ya gilasi mlielea vipande vya barafu. Stesheni ile haikuwa na umeme.

Ralambo alieleza shida yao kwa adabu zote, kwa mzunguko, kama watu wa kwao wanavyoeleza. Delmas alimsikiliza mpaka mwisho, na hiyo pekee ilikuwa heshima kubwa.

"Mzee," alisema, "mimi nakuelewa. Lakini tuta haliwezi kufukuliwa. Treni inapita juu yake."

"Tutafukua kidogo. Upande wa bega."

"Hata kidogo. Halafu kuna jambo lingine. Niliwahi kuwauliza wakubwa wa mjini kuhusu watu wenu, kwa nia njema kabisa. Wakasema chini ya reli hakuna mtu. Huyo ndugu yako alitoroka kazini."

"Alitoroka akaenda wapi?"

"Hilo ndilo halijulikani."

"Miaka yote hii anatoroka tu?"

Delmas alifungua mikono yake. "Mtu ambaye hayupo siwezi kukupa ruhusa ya kumtoa. Niambie wewe, nitaandika nini?"

Raketaka alikuwa haangalii uso wa mzungu. Alikuwa anaangalia gilasi.

"Barafu hiyo unaitoa wapi, bwana?" aliuliza.

"Hii? Kwenye tuta. Kila asubuhi reli inaganda pale, sijui kwa nini, ni mambo ya unyevu wa msitu. Vijana wa njia ya reli wanaikwangua, treni isiteleze, na kipande kimoja wananiletea. Ina harufu kidogo, lakini unaizoea."

"Naomba kimoja."

Delmas hakuwa mchoyo. Alichovya kijiko, akampa. Raketaka alikifuta kileo kwa ncha ya shuka lake, akakishika kiganjani, akakaa nacho hivyo hivyo, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, mpaka kikaisha. Vololona, ambaye hakuwahi kumshika baba yake mkono, aliomba naye apewe. Akapewa.

"Basi turuhusu tukamwamkie tu," alisema Ralambo.

"Kuamkia si kufukua," alisema Delmas baada ya kufikiri. "Mimi nakwenda kula, kisha ninalala kidogo. Angalieni treni ya mchana."

Pale kwenye tuta nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Walitandika mkeka kando ya njia, wakamimina toaka, ile pombe kali ya miwa ambayo Rabenja aliipenda kwa kiasi chake, na mpiga filimbi akapiga mara moja kuamsha. Ralambo alisimama, akaanza hotuba. Aliomba radhi kwa kusimama mbele ya waliomzidi, akaomba radhi kwa wakubwa wa msitu ule, akaomba radhi kwa mito yote aliyoivuka akiwa ameketi, jambo lisilo la heshima, akaanza kutaja babu zao mmoja mmoja.

"Kaka, nakusikia," ilisema sauti ya Rabenja kutoka chini ya mataruma. "Fupisha. Treni ya mchana haiko mbali."

Ralambo alikohoa. "Nilikuwa nakaribia mwisho."

"Ulikuwa unakaribia babu wa tatu."

Jamaa walicheka, na Raketaka akacheka nao, huku amejiziba mdomo na shuka. Alipiga magoti karibu na reli.

"Baba Vololona. Unaona baridi?"

"Kidogo."

"Kidogo! Kila siku nakwangua kitanda kwa kisu, naharibu mkeka, unaniambia kidogo?"

"Basi, sana."

"Haya, toka tuondoke. Sanda hii hapa, nimesuka mwenyewe, usianze kusema nyembamba. Kitanda chako kinakungoja ubavuni kwa mama. Huyu hapa mwanao, ana mimba, amepanda treni na tumbo lake kukufuata."

Kokoto zilisogea, kama mtu anapojiweka sawa kitandani.

"Hujambo, mwanangu," ilisema sauti.

"Sijambo, baba," alisema Vololona. "Shikamoo." Alichutama akaweka kiganja chake juu ya taruma, naye baba yake hakuongeza neno, na hivyo walizungumza kwa muda.

"Mama Vololona," alisema Rabenja baadaye, "mimi siwezi kutoka."

"Kwa nini usiweze? Unaogopa nani? Mzungu amelala."

"Tumeshikana mikono humu. Udongo ulipotushukia tuliuinua kwa mabega, tukasema watatutoa. Wakamwaga mwingine. Tukashikana, tukabeba, na mpaka leo tumebeba. Mmoja akijitoa, tuta zima linakwenda mtoni."

"Liende! Waache wakalijenge upya kwa mabega yao wenyewe."

"Ndani ya treni umo wewe, mke wangu. Umekuja nayo leo. Nimekusikia ukipita, nikakuinua."

Raketaka aliokota kokoto akaitupa chini kwa hasira.

"Daraja la kwanza ni jepesi," aliendelea Rabenja, kama mtu anayeeleza kazi yake. "Halina watu. La tatu lina uzito, lina watu wetu, watoto, kuku. Hatuwezi kuliangusha lile. Na treni ya kahawa ndiyo inayotuua kabisa, lakini ina dereva na mtia makaa, na mtia makaa ni mtoto wa watu."

"Uko na nani humo?" aliuliza Ralambo.

"Wengi, kaka. Mpaka kule kwenye kona. Huyu aliyenishika mkono wa kulia anaitwa Tsimaro, mtu wa kusini, wa nchi ya miiba. Anakoroma. Lakini ni mtu mzuri, na anatetemeka kuliko mimi, kwao kuna joto. Hana mtu wa kumletea nguo. Kwao hawajui hata alipelekwa wapi."

Raketaka alitazama sanda yake. Akatazama kule kwenye kona, mbali, ambako nyasi zilikuwa nyeupe vile vile. Kisha aliketi juu ya reli akalia, kwa sauti, bila kujizuia, kwa sababu alikuja kumchukua mume na sasa anaambiwa arudi kama alivyokuja. Ralambo alitazama pembeni, machozi yanamtoka. Vololona alimshika mama yake mgongo. Rabenja hakujua la kusema, hajawahi kujua, lakini chuma alichokalia mke wake kikaanza kupata joto polepole, mpaka kikawa kama jiwe lililoanikwa juani.

"Mpumbavu wewe," alisema Raketaka, akipenga kamasi. "Sogea basi, nikufunike."

Vijana wa njia walikuwa wamesimama mbali na mitaimbo yao, wanaangalia. Walikuwa wameikwangua barafu ile asubuhi nyingi na hakuna aliyehitaji kuwaeleza kitu. Walikuja, wakainua mataruma kidogo kwa ncha za mitaimbo, na sanda ikapitishwa chini, upande wa bega, kwa uangalifu, kama mtoto aliyelala anavyofunikwa. Ilimtosha Rabenja. Ilibaki ncha.

"Mpe Tsimaro hiyo ncha," alisema Rabenja.

"Ncha itamsaidia nini mtu mzima?" alisema Raketaka, akavua shuka lake la begani, akaliunga kwa fundo. Ralambo akavua lake. Vololona akavua lake, na jamaa wote, na mpiga ngoma, na vijana wawili wa njia wakatoa makoti yao ya kazi. Kugeuzwa kwa kawaida kuna kubebwa mabegani na kuzungushwa. Hawa hawangeweza kubebwa, wao ndio waliokuwa wamebeba. Kwa hiyo walio hai walicheza wenyewe, kwenda na kurudi kando ya tuta, na filimbi, na ngoma, mkubwa wa ukoo akiwa na fulana tu, na chini yao kokoto zilitikisika kwa mapigo yale yale. Rabenja na Tsimaro na wenzao walikuwa wanageuka.

Treni ya mchana ilipokuja walisogea. Ilipita, behewa baada ya behewa, ikainuka juu zaidi kuliko siku zote, ikashuka. Abiria hawakujifunika. Katika kipande kile umande ulikuwa umeyeyuka.

Delmas alitoka barazani na gilasi mkononi, akauliza barafu imekwenda wapi. Vijana wa njia walisema ni mambo ya unyevu wa msitu. Aliandika kwa wakubwa wa mjini kuomba friji ya mafuta ya taa, na jibu lilikuja mapema na friji yenyewe ikaja kwa treni iliyofuata, imefungwa kwenye majani makavu.

Alhamisi ya mnajimu ilipofika kaburi lilifunguliwa. Kitanda cha ubavuni kwa mama kilipewa watu wengine. Raketaka hakununa. Alimbeba mama mkwe wake, akamvika, akamwambia mwanao anakusalimu, ana kazi, hawezi kuja. Nyumbani mkeka wake ulikuwa mkavu kila asubuhi. Upande wa Rabenja ulikuwa na vuguvugu kidogo, na majirani waliokuja na mabakuli walirudi nayo matupu.

Akasuka. Kila baada ya mavuno alipanda treni na kipande kipya cha hariri, akashuka stesheni yenye tangi, akakipeleka kwenye tuta. Alimfunika Tsimaro vizuri, akamfunika aliyemfuata, akajifunza majina yao, akawagombeza wakorofi. Treni ilipokaribia pale alikuwa anaacha benchi na kuketi sakafuni. Vololona alimwambia mara moja, mama, watu wanakuangalia. Alijibu kwamba yeye ni mwanamke wa halali, na amekata tiketi ya kulala juu ya mume wake, na anayeona aibu afumbe macho. Behewa lilikuwa linainuka, yeye anaegemeza shavu kwenye mbao, na kwa kitambo kile kifupi alikuwa na furaha kuliko watu wote wa daraja la kwanza.

Bendera ilibadilishwa. Wafaransa waliondoka, wengi wao kwa treni ile ile, na Delmas aliyaaga mawaridi yake kwa machozi. Mabehewa yalipakwa rangi mpya. Kahawa iliendelea kushuka pwani. Raketaka alikuwa bado hajaifikia kona kwa kufunika watu macho yake yalipokwisha, na siku alipohisi mwisho wake uko karibu alimwita Vololona akamwambia hataki kaburi la ukweni wala la kwao, akawekwe kwenye tuta, upande wa kushoto, maana Rabenja mkono wa kushoto hajashikwa na mtu.

Alipokufa, Vololona alivaa vizuri akaenda stesheni. Mkuu mpya alikuwa kijana wa kwao kabisa, wa vijiji vya juu, jina lake Razafy. Alimwita Vololona mama, akasimama kumpa kiti, akampa pole ya dhati. Akaisikiliza shida yake yote bila kumkatiza.

"Mama," alisema, "ningekuwa na uwezo ningefanya leo hii. Lakini eneo la reli ni eneo la reli. Ni marufuku kuzika mtu pale. Haijawahi kutokea hata mara moja."

Vololona aligeuka akalitazama tuta. Razafy alimshika mkono kwa upole, akamwomba asimame nyuma ya mstari kidogo, treni ya kahawa ilikuwa inakuja. Wakasimama wote wawili kuiangalia. Ilifika kwenye tuta, ikainuka taratibu pale mahali, behewa baada ya behewa, ikashuka, ikaendelea pwani.